Mwaka Niliopoa

Simu ya Hansa ilinikuta ukingoni mwa bwawa, nimelowa hadi kiunoni, nikiwapigia kelele watoto wanaojifunza kuogelea kwamba maji hayang'ati, wapige miguu. Kelele ndiyo kazi yangu. Nilipoona jina lake nilijua, maana Hansa ni mtu wa kutuma ujumbe, hapigi simu bila sababu. Baba yake alikuwa ametutoka asubuhi ile, na alikuwa ameagiza kwamba mimi na mama yangu tuambiwe mapema. Baba yake ni Mzee Jayanti, aliyezaliwa Kisumu, akauza dawa kule na baadaye hapa Uingereza, mtaa wa Kenton, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu akawa mkalimani wa mama yangu. Hatukuwa ndugu naye, wala dini yetu haikuwa moja. Hata hivyo nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka mtoto mmoja akaja kuniuliza kama maji yameniingia puani. Ukitaka kujua kwa nini nilimlilia hivyo mzee wa watu, jibu ni refu, na mimi nikianza jambo refu hupotea njiani. Ndiyo tabia yenyewe ninayotaka kuisimulia. Nitajitahidi.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, tukiishi mimi na mama katika nyumba ya vyumba viwili huko Lewisham, ghorofa ya juu ya duka la kunyolea. Mama alinipa jina la Mwanaidi lakini hakulitumia. Aliniita Kiherehere. Alinituma mkate, nikarudi na habari za mtaa mzima, nani kahama, nani kapata mchumba, mbwa wa nani kapotea, na mkate sina. Kadi za basi nilizozipoteza zingetosha kupanga sakafu ya jikoni. Darasani nilijibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuliuliza, na mara nyingi lilikuwa swali jingine kabisa. Watu walicheka, nami nikacheka zaidi yao. Lakini zilikuwepo pia siku ambazo nilijilaza na kuugeukia ukuta, najiambia kwamba mimi ni mjinga tu, kwamba wenzangu wote wamepewa kitu fulani siku ambayo mimi nilichelewa. Siku hizo mama alizieleza kwa neno moja, mawazo. "Mwanangu ana mawazo," aliwaambia watu, kisha akanipikia uji wa pilipili manga kana kwamba mawazo hukaa tumboni.

Mama alijaribu alichokijua. Alinigombeza, alinibembeleza, na kila alipomaliza kuswali alinyanyua mikono, nami nikimsikia kupitia mlango uliofungwa nusu: "Mola wangu, mtulize mwanangu." Neno tulia ndilo nililolisikia kuliko yote utotoni. Tulia mezani, tulia kwenye basi, tulia wageni wanakuangalia. Kwa hiyo shule ilipotupeleka kwenye kliniki ya watoto na vijana, na kliniki ikasema kuna utafiti unaofanywa kwa vijana ambao akili zao hutawanyika na mioyo yao huzama, mama aliona dua imejibiwa. Ila alipoelewa kwamba utafiti ni kujaribu dawa, na kuangalia ni kiasi gani kinamfaa nani, aliurudisha mkoba wake begani. "Mwanangu si panya," alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa korido.

Hapo ndipo tulipomwona Mzee Jayanti kwa mara ya kwanza, maana ilibidi mtu aitafsiri ile habari ya panya. Alikuwa mtu mfupi mwenye sweta la kijani, miwani imefungwa kamba shingoni, na mfuko wa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, aliougawa kwa kila mtu bila kuuliza. Alikuja kwa kujitolea, akivuka mji mzima kwa treni, kwa sababu baada ya kustaafu alichoka kukaa nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kimekaa kwa muda mrefu bila kutumika, ngeli hakuna. "Mama, wewe sema tu, mimi iko hapa," alisema. "Hakuna mtu natia mtoto yako sindano. Hii ni kidonge tu, doctor naangalia pole pole. Wewe nasema stop, wao nasimama." Mama alimwamkia shikamoo, yeye akajibu "Jambo, jambo," na mama akauma mdomo asicheke. Lakini alimpenda pale pale. Mama alikuwa na Kiingereza, usidhani hakuwa nacho. Alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Kiingereza chake kilikuwa cha huko, mto, choo, kaa vizuri, unajisikiaje mpenzi. Kwa kunisemea mimi alitaka lugha ambayo haikuvaa aproni.

Daktari wa utafiti tulimwita Dokta Ruth. Sitamsema vibaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alikuwa mama wa makamo mwenye soksi za rangi mbili tofauti, aliyesikiliza huku kainamisha kichwa, na alipozungumza na mimi alinitazama mimi, si faili. Alitueleza kwamba tutaanza na kiasi kidogo na kukipandisha kidogo kidogo, na kwamba kila tukirudi, mimi nitapimwa chumba kimoja na mama ataulizwa chumba kingine, ili nisimchunge mama anavyojibu. Mimi nilikuwa naketi mbele ya kompyuta nabonyeza kitufe kila herufi fulani ikitokea. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimewahi kumenya vitunguu vya harusi.

Niseme jambo hili kabla sijasahau. Kidonge kilinisaidia. Siku hizi nikikaa na watu wetu, hakosi mmoja wa kusema haya ni mambo ya Wazungu, mtoto anataka fimbo na adabu, nami huondoka mezani nisije nikamwaga mchuzi. Kichwani mwangu kulikuwa na redio nyingi zimewashwa kwa pamoja. Kidonge kilizizima moja moja kikabakiza moja, nikasikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Nilisoma ukurasa mzima na kuukumbuka. Nilikwenda dukani nikarudi na mkate! Mama aliuweka mkate ule juu ya meza akauangalia kama mgeni. Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi ya furaha isiyo na mkalimani. Lakini dozi ilipandishwa, ikapandishwa tena, na ile redio moja iliyobaki nayo ikazimika.

Sikujua kwamba nimezimika. Hilo ndilo gumu kulieleza hata leo. Nilidhani hivi ndivyo wanavyoishi watu wazuri. Chakula kilikuwa kama karatasi, nikala kwa sababu sahani iko mbele yangu. Vichekesho nilivisikia, nikaelewa mahali pa kucheka, nikatabasamu kwa adabu. Siku za ukuta hazikuisha ila zilibadilika, sasa sikuhitaji kuugeukia, nilikuwa nao popote nilipokwenda. Na shuleni nilikuwa malaika. Mwalimu wa hisabati, ambaye zamani alinitoa nje ya darasa hata nikamzoea fundi wa kusafisha korido, aliniita mbele akanipigia makofi pamoja na darasa zima. Mitihani mikubwa ilikuwa inakaribia, na kwa mara ya kwanza watu walisema kwamba nitafaulu. Sijawahi kusifiwa hivyo kwa kutofanya kitu. Nilijiambia, basi, hii ndiyo bei yake.

Nyumbani jina langu lilibadilika. Mama aliacha kuniita Kiherehere, akaanza kuniita Mwanaidi, taratibu, kama anayelijaribu jina la mtoto wa mtu. Jioni alikaa jikoni na Mama Furaha, jirani yetu wa chini, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akisafisha ofisi alfajiri na kuimba kanisani Jumapili, nami nikiwa chumbani niliyasikia maneno yao kupitia ukuta ule mwembamba. "Mama Mwanaidi, huyu mutoto iko na nini?" Mama Furaha aliuliza. "Hachekake tena. Mbele nilikuwa namusikia toka chini ku escalier, pale ku ngazi, sasa anapita sawa kivuli." Mama alizungusha kijiko kikombeni. "Kapoa," alisema. "Mwanangu kapoa, Mama Furaha." Siku nyingine alikuwa na dada yake wa Tanga kwenye simu, na mama mkubwa sauti yake haihitaji spika. "Si ndivyo ulivyotaka? Ulilia mtoto hatulii. Kapewa dawa, katulia, sasa walia tena?" Mama akajibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. "Basi waambie madaktari," mama mkubwa akasema. "Nawaambia, dada. Kila nikienda nawaambia. Wanafurahi tu."

Nilimsikia na sikushangaa. Sikushangaa kitu chochote miezi ile. Leo nikiikumbuka sauti yake ndipo moyo unaniuma, kwa sababu sasa nina wanangu na najua maana ya kusema jambo la mtoto wako kwa watu wenye elimu, ukawaona wanatikisa kichwa na kutabasamu, ukarudi nyumbani na mtoto yule yule. Mama hakuwa mwoga, lakini alilelewa kwamba daktari ni daktari. Kama amesikia na ameridhika, basi labda yeye ndiye asiyeelewa uzima unavyoonekana Uingereza.

Siku ambayo mambo yaligeuka ilikuwa siku ya kawaida ya mvua, na iligeuka kwa sababu kompyuta iliharibika. Kijana aliyekuwa akinisimamia kwenye kompyuta alihangaika na nyaya, akakata tamaa, Dokta Ruth akasema nikae tu pembeni katika chumba anachoulizwa mama. Chumba kilikuwa kidogo chenye zulia la buluu na dubu wa manyoya aliyekosa jicho. Mama alikuwa na chupa yake ya chai ya tangawizi, maana hakuwahi kwenda popote bila chai yake, akawamiminia wote, na Mzee Jayanti akaacha kikombe chake mezani akaanza kusimulia jinsi treni ilivyokwama. Alikuwa msimuliaji kama mimi wa zamani. Mwishowe Dokta Ruth akacheka, akauliza swali lake la siku zote, kwamba kulinganisha na mara iliyopita, mtoto yukoje.

"Mama, mtoto iko namna gani sasa?" Mzee akauliza.

"Kapoa, mzee wangu. Nakwambia kila siku. Kapoa mno."

Mzee akageuka kwa daktari akitabasamu. Mara zilizopita, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa akiitafsiri kwa sentensi ndefu za kifamasia, za kwamba mama anaripoti maendeleo ya kuridhisha, na mama hakuambulia neno. Lakini siku ile, pengine kwa sababu treni ilimchosha, alisema kwa kifupi: "Better. Much better."

Neno hilo mama alikuwa nalo. Alilisema kila siku kazini akiwafunika wazee blanketi. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Better? Nani kasema better?"

"Mama, wewe nasema mtoto imepoa."

"Ndiyo, kapoa!"

"Haya. Imepoa. Better." Mzee alifungua mikono kama mtu aliyehesabu sawasawa na bado anadaiwa.

Dokta Ruth aliuliza kuna nini. Mama akakisogeza kile kikombe mbele ya Mzee. "Mzee wangu, kunywa chai yako."

"Sasa?"

"Sasa hivi. Nimeileta kutoka Lewisham."

Mzee alikuwa na adabu, akanywa. Akakunja uso. "Mama, pole, hii imepoa."

"Imepoa imekuwa better?"

Mzee akakirudisha kikombe mezani. Mama akaniashiria kwa kidevu, bila kunitazama. "Basi na huyu ndivyo alivyopoa. Hacheki. Chakula anakimeza tu. Hagombani na mimi. Nikimwita anakuja, nikimwambia kaa anakaa. Mimi niliomba atulie, mzee wangu. Sikuomba apoe."

Nimemwona mtu mzima akiumia mara chache maishani, na mojawapo ni ile. Mzee Jayanti alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Kule Kisumu," alisema polepole, akimwambia mama, si daktari, "kila mtu nakuja duka yetu nasema homa imepoa, jino imepoa, tumbo imepoa. Imepoa maana yake dawa nafanya kazi. Mimi nafurahi, baba yangu nafurahi. Mimi sikujua mtu pia naweza kupoa." Kisha akamgeukia Dokta Ruth, akamweleza kwa Kiingereza yote, neno, kikombe, duka, na kwamba yale maendeleo aliyoyaripoti tangu dozi ipande mama hakuyasema hata mara moja. Hakujitetea. Dokta Ruth alisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akainamisha kichwa chake vile, akaniuliza mimi: "Mwanaidi, mama yako anasema kweli?"

Ningeweza kusema hapana. Ni vizuri hili lieleweke, kwa sababu watu husimulia mambo haya kana kwamba mgonjwa anangoja kuokolewa tu. Dokta Ruth alinieleza wazi kwamba akipunguza dawa huenda usahaulifu ukarudi kiasi, na mitihani iko mlangoni, na uamuzi ni wangu na mama. Niliyaona yale makofi ya darasani. Niliuona mkate juu ya meza. Nikamtazama mama, naye alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio wake huku akijifanya anafunga chupa ya chai, na nikagundua kwamba mama yangu analia mbele yangu na mimi sisikii kitu. Hakuna. Nilitafuta ndani, kama mtu anayepapasa swichi gizani, sikuipata. Ndipo nikaogopa, na ule woga ulikuwa kitu cha kwanza nilichokihisi baada ya muda mrefu. Nikaukumbatia. "Nipunguzieni," nilisema, kwa Kiswahili, nikimwambia Mzee. Naye akaitafsiri kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai.

Walipunguza. Dokta Ruth alinitoa kwenye ile sehemu ya utafiti ya kupandisha dozi, akanipangia mtu wa kuzungumza naye kila wiki kuhusu ukuta wangu, ambao alisema una jina lake na tiba yake, na haukuwa sawa na mambo ya redio. Kwa wazazi wengine, Mzee aliniambia, hakuuliza tena yukoje tu. Aliuliza mtoto anacheka nini nyumbani, anagombana na nani, anakula nini akiwa peke yake. Nilifanya mitihani, nikafaulu hesabu kwa kupenya tundu la sindano, na Historia nikaikosa kwa sababu nilikwenda siku ambayo siyo. Sijutii. Kidonge kidogo nakimeza mpaka leo, kila asubuhi, pamoja na chai.

Mwisho wa mwaka ule ninaukumbuka kwa harufu. Mama alikuwa kazini, aliniachia maharage jikoni niyaangalie, Mama Furaha akaniita nishuke nimsaidie kubeba mizigo, nikakuta kwake kuna wageni kutoka Birmingham, na mmoja wao alikuwa na kisa cha ajabu kuhusu mchungaji na mbuzi. Nilicheka hadi nikajishika mbavu. Kengele ya moshi ilipolia ilikuwa ya nyumba yetu, na mama alikuwa anapanda ngazi. Nilimkuta amesimama mlangoni na aproni ya kazini, moshi umemzunguka, sufuria nyeusi mkononi. "Kiherehere wewe!" alipiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Kiherehere! Unataka kuniua!" Kisha akalisikia alilolisema. Akaiweka sufuria chini, akanivuta, akanikumbatia na kunigombeza kwa wakati mmoja, nami nikalia ndani ya aproni iliyonuka dawa ya kusafishia. Tulikula mkate mtupu.

Juzi tulimzika Mzee Jayanti, au niseme tulimsindikiza, maana wao huwachoma moto wafu wao. Nilimchukua mama kutoka Lewisham na fimbo yake na chupa yake, tukavuka mji kwa njia ile ile aliyoivuka yeye. Baada ya sala watu walikusanyika katika ukumbi huko Kenton, wamevaa nyeupe, viatu vimepangwa mlangoni, wakazungumza kwa sauti za chini. Hansa alikuwa akipitisha chai. Alituambia kwamba baba yake uzeeni alikuwa na kituko kimoja, kila mgeni akija alikigusa kikombe chake kwa mgongo wa vidole, na akikuta hakina joto alikinyang'anya na kukileta kingine. Walidhani ni mambo ya umri. Wajukuu walimtania, wakaliiga neno moja la Kiswahili alilolitamka kila akikinyang'anya kikombe. Sikujizuia. Nilimsimulia yeye na shangazi zake wawili habari ya treni, na ya kompyuta, na jinsi alivyokunja uso alipoinywa, na nilipofika hapo nilicheka, kicheko changu kamili cha bwawani, katikati ya msiba wa watu. Vichwa viligeuka. Nikamtazama mama, nikingoja aniambie tulia. Hajawahi kuniambia neno hilo tangu siku ile ya mvua, na nilidhani leo ndiyo leo.

Mama alinyoosha mkono wake uliojikunja kwa baridi yabisi, akakigusa kikombe changu nilichokisahau mezani kwa mgongo wa vidole, akatikisa kichwa, akampa Hansa.

"Mbadilishie mwanangu," alisema. "Imepoa hii."

Hansa hajui Kiswahili. Lakini hilo alilielewa.